Chakula Kibichi na Heshima Yake

Naomba nieleze jambo lililonipata katika likizo ya Desemba iliyopita, kisha nitoe shauri. Sina nia ya kujisifu kwamba nimefika Dar es Salaam, maana wengi wenu mmefika, na wengine ndiko kwenu. Nataka kusema juu ya chakula kibichi: jinsi tunavyokitukuza kikiwa mahali fulani na kukidharau kikiwa mahali pengine, hata katika shule hii.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa kibichi si kile ambacho hakijaiva mtini, bali ni kile ambacho hakijapita motoni. Kwa hiyo embe bivu, tango, papai na karoti ya kutafuna ni vyakula vibichi. Nasema hivi kwa sababu nilipomweleza shangazi yangu habari hii alinielewa vibaya, akadhani nimekuja mjini kula unga.

Rafiki yangu tuko naye darasa moja na bweni moja. Amekubali nieleze habari hii, ila ameniomba nisitaje jina lake. Mimi ni mtu wa Morogoro, na yeye ni wa Dar es Salaam. Mwishoni mwa Kidato cha Tatu tulisoma habari za daktari mmoja wa Uswisi, Bircher-Benner, ambaye miaka ya 1900 hivi aliwalisha wagonjwa wake mjini Zürich matunda na mboga zisizopikwa. Tulisoma pia kwamba leo wako watu huko Ulaya na Marekani wasiotia kinywani kitu kilichopikwa. Sisi ambao chakula chetu cha kila siku ni ugali na maharage tulicheka sana. Kisha rafiki yangu akasema, "Njoo kwetu likizo, tutembee mji siku mbili bila kula kitu kilichopita motoni, tuone kama tutakufa." Nikakubali.

Nilisafiri kwa treni ya umeme kutoka Morogoro, safari isiyofika saa mbili, nikafikia kwa shangazi yangu Ilala. Nilidhani rafiki yangu atanikaribisha kwao, lakini hakunikaribisha. Kila nilipomwuliza wanakaa wapi, alijibu tu, "Tukutane mjini." Nilistaajabu kidogo, nikanyamaza.

Siku ya kwanza tulianzia kwenye sanamu ya Askari katikati ya mji. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Tukaiangalia kwa heshima, kama mwalimu wetu wa Historia alivyotufundisha. Kisha tukashuka mpaka Feri, tukaona samaki wakinadiwa kwa kelele nyingi, na wakaangaji wakifanya kazi yao mbele ya moto mkali. Harufu ya samaki wa kukaanga ilitujaribu sana, na nakiri kwamba mimi ningeshindwa kama rafiki yangu asingenivuta mkono. Tulikunywa madafu kwa mtu wa baiskeli, akatupasulia, tukala na nyama yake kwa kijiko cha ganda. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha asubuhi, nacho kilitutosha mpaka saa sita.

Mchana tulikwenda Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita ile ile. Tulikula matango na ndizi mbivu, tukala na embe lisiloiva kwa chumvi na pilipili mpaka macho yakatoka machozi. Mitaa ilijaa watu, mikokoteni na bidhaa za kila aina. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mama mmoja alipita akiwa na beseni la maembe yaliyomenywa kichwani, akitangaza bei. Alikuwa amechoka, na kanga yake imelowa jasho. Nikataka kujionyesha kwamba najua Kiswahili, nikasema kwa sauti, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" Vijana wawili waliokuwa karibu wakacheka. Rafiki yangu hakucheka. Hakusema neno mpaka tulipofika kituoni, tena pale alisema "Kesho saa nne" basi, akaenda zake.

Siku ya pili tulikwenda Masaki. Tulikuwa tumesikia habari za hoteli moja inayouza vyakula visivyopikwa, nasi tulikuwa na fedha tulizoweka muhula mzima, pamoja na zawadi niliyopewa na mjomba wangu. Sitaitaja hoteli hiyo, maana haikutukosea. Mhudumu alitupokea kwa adabu ijapokuwa viatu vyetu vilikuwa vile vile vya shule. Tukapewa orodha ya vyakula. Ilikuwa na samaki mbichi kwa namna ya Wajapani, na mhudumu akatueleza kwamba samaki huyo hugandishwa kwanza kwa baridi kali ili wadudu wafe. Baadaye nilisoma kwamba kipimo kinachoaminika ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Hatukuthubutu kumwagiza. Tuliagiza sahani moja ya mboga na matunda, tukala wawili. Bei yake ilikuwa Shilingi 30,000.

Sahani ilipokuja ilikuwa nzuri kweli. Rafiki yangu akahesabu vilivyomo: nusu ya embe, nusu ya parachichi, tango, karoti iliyokunwa kama nazi, choroko zilizoota, na rojo jeupe la korosho. Mhudumu alisema kwamba hata korosho ni mbichi. Rafiki yangu akatabasamu. Mama yake ni mtu wa Newala, naye anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kwamba kwa kawaida korosho haibanguliwi kabla ya kupata joto la moto au la mvuke. Lakini hakumbishia mhudumu. Tukala polepole. Nilisifu kila kitu. Nilisema embe lile ni tamu kuliko maembe yote niliyowahi kula, na kwamba nikifika nyumbani nitawasimulia wadogo zangu.

Tulipotoka nje, rafiki yangu akaniuliza, "Embe lile lilikuwa bora kuliko la mama wa jana?" Nikasema, "Naam, hili ni la hoteli, bwana." Akasema, "Basi twende nikuonyeshe hoteli nyingine."

Tukapanda daladala mpaka Buguruni. Tukapita katika vichochoro viwili vitatu, tukatokea kando ya barabara. Palikuwa na meza chini ya mwavuli, na kabati dogo la kioo lenye matunda. Mama aliyekuwa nyuma ya meza akainua macho, akacheka kwa furaha. Rafiki yangu akasema, "Huyu ndiye mama yangu. Na kabla hajapata meza hii, alikuwa akitembeza beseni."

Wasomaji wenzangu, sina maneno ya kueleza nilivyojisikia. Nilisema, "Shikamoo, mama," na sauti ikanikwama. Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye rafiki wa mwanangu anayekusifu kila likizo?" Hakujua nilichokisema jana yake, wala mwanawe hakumwambia. Akanipa kiti chake yeye mwenyewe. Asubuhi ya jana niliheshimu sanamu ya wapagazi waliokufa, na mchana wake nikamcheka mpagazi aliye hai. Ndipo nikajua kwa nini sikukaribishwa nyumbani.

Tulikaa pale mpaka jioni, nami nikatazama kazi yake. Huamka saa kumi alfajiri kwenda kununua maembe sokoni. Hachagui yaliyoiva sana, maana hayafiki jioni. Ana ndoo mbili: moja ya kuoshea matunda, na nyingine yenye bomba dogo kwa ajili ya kunawa mikono, na sabuni pembeni. Jambo moja nililojifunza kwake sikuwa nimelisoma kitabuni. Huosha embe kabla ya kulimenya. Nilipomwuliza sababu, maana ganda hutupwa, akasema, "Baba, kisu ndicho kinachoingia ndani. Ganda likiwa na uchafu, kisu huupeleka kwenye nyama yake." Tikiti hakati mpaka apate mnunuzi. Matunda aliyokwisha kuyakata hayamwagii maji ili yang'ae. Bakuli lake moja la matunda mchanganyiko ni Shilingi 1,000. Kwa hiyo sahani yetu ya Masaki ilikuwa sawa na mabakuli yake 30.

Nikamwuliza ni kitu gani kinachomgharimu sana. Nilidhani atasema maembe. Akasema, "Maji. Siku nisipopata maji, siuzi." Hununua madumu matatu kila siku.

Sasa nije kwenye shauri langu. Sisemi kwamba hoteli ile ilitudhulumu. Ina kodi ya kulipa, wahudumu, umeme na meza nzuri, na mtu mwenye fedha zake ana haki ya kuzitumia apendavyo. Ninalosema ni kwamba embe ni lile lile. Likiwa kwenye sahani nyeupe twaliita afya, na likiwa kwenye beseni twaliita uchafu. Kipya kinyemi, wazee walisema. Tumesoma kwa Mzungu wa Zürich kwamba chakula kibichi ni kizuri, tukasahau kwamba bibi zetu walikula mapera, ubuyu, zambarau na kachumbari kabla ya sisi kuzaliwa.

Wala sitaki mtu aseme kwamba nahubiri tuache kupika. Siku mbili zile zilinifundisha hilo pia, maana usiku wa pili niliota ugali. Viko vyakula visivyofaa kuliwa bila moto. Maharage mekundu yasipochemka vizuri hutapisha na kuharisha. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na isipotengenezwa vizuri yaweza kudhuru au kuua. Maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela. Tena karoti na nyanya, zikipikwa kwa mafuta kidogo, baadhi ya virutubisho vyake huingia mwilini vizuri zaidi kuliko zikiwa mbichi. Moto ni rafiki yetu.

Lakini moto una kasoro zake. Vitamini C huharibika kwa joto, tena hupotelea katika maji yanayomwagwa. Mwaka 1747 daktari wa meli aitwaye James Lind aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Sisi hatuna haja ya kuagiza malimau kwa meli. Gramu 100 za pera zina miligramu 228 hivi za vitamini C, na za chungwa ni miligramu 53 hivi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Je, katika bwalo letu, tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, mwanafunzi hupata gramu ngapi? Kabichi yetu huchemshwa tangu saa tatu, na ifikapo saa saba haina rangi wala ladha. Sisemi haya kuwalaumu wapishi, maana watu wachache huwapikia mamia. Nasema ni jambo la kufikiriwa.

Hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Muhula huu kina mama waliokuwa wakiuza ndizi, maembe na matango langoni waliondolewa, kwa sababu wanafunzi kadhaa waliumwa tumbo. Duka la ndani linaendelea kuuza mandazi, pipi na soda. Naelewa hofu ya walimu wetu. Kipindupindu si mchezo. Kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea mikoa mingi na kuua watu. Mzazi aliyemleta mwanawe shuleni hataki kuletewa habari ya namna hiyo. Lakini nauliza kwa heshima: je, ugonjwa ulitokana na tunda, au na maji na mikono? Mwaka 1854 daktari John Snow alipochunguza kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, alifuata nyumba za waliokufa, akaona kwamba chanzo ni maji ya bomba moja. Mpini wa bomba ukaondolewa. Hakuwafukuza watu wa mtaa. Sisi tumewafukuza kina mama, na bomba lililo karibu na lango bado ni kavu. Nasi wenyewe, tuseme kweli, wangapi kati yetu huosha tunda au mikono kabla ya kula? Mimi sikuwa nikiosha mpaka nilipofika Buguruni.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. La kwanza, bomba la langoni litengenezwe, na liwekwe pipa la maji na sabuni. Kina mama wawili au watatu waruhusiwe kurudi kwa masharti: waoshe tunda kabla ya kulimenya, wakate mbele ya mnunuzi, wafunike walichokata. Viranja wa afya wakague kila siku. Atakayevunja masharti asimamishwe yeye, si wote.

La pili, kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza apande mpapai mwezi anaofika. Mpapai ukitunzwa vizuri huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo aliyeupanda atakula matunda yake mwenyewe akiwa Kidato cha Pili. Ipandwe mitatu mitatu shimo moja, na ikianza kutoa maua ile midume iliyozidi ing'olewe, maana haizai. Sisi wa Kidato cha Nne hatutaila. Lakini hata maembe yaliyo nyuma ya bweni letu hatukuyapanda sisi, nasi tumeyala miaka minne.

La tatu ni kwa wazazi. Mnapokuja kututembelea mnatuletea biskuti na soda, nasi twashukuru. Safari nyingine leteni machungwa, tutashukuru vile vile. Mkikuta mtoto wenu anakunja uso kwa sababu wenzake wataona ameletewa matunda ya kwao, msikasirike. Mfundisheni. Mimi nilihitaji kufundishwa nikiwa na miaka kumi na saba.

Huenda mtu akasema kwamba mwandishi anawatetea kina mama kwa sababu ya aibu yake tu. Ni kweli kwamba niliona aibu, lakini aibu yangu haibadilishi hesabu ya vitamini wala haitii maji katika bomba. Na juu ya methali ile, nimeifikiri sana tangu siku hiyo. Yule mama wa Kariakoo hakutembea kwa sababu maembe yake yalikuwa mabaya. Alitembea kwa sababu hakuwa na meza, wala mwavuli, wala mtu wa kumwandikia orodha ya vyakula. Wazee wetu walikuwa na hekima, lakini methali ikiwekwa mahali pasipo pake huwa tusi.

Siku niliyoondoka mjini, rafiki yangu alinisindikiza stesheni na mfuko wa maembe kutoka kwa mama yake. Nikamwomba radhi pale pale kituoni. Akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu. Ila uyaoshe kabla ya kumenya." Nikayaosha nyumbani Morogoro, nikawamenyea wadogo zangu, na nikawasimulia habari za hoteli mbili nilizokula Dar es Salaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne